Sura Arobaini na Nane na Monita Moja

Jumatatu, 2 Machi

Leo saa tano asubuhi nimepoteza sura arobaini na nane. Picha zote za harusi ya Joyceline, binti wa Mama Melania wa Kasulo, zimerudi na basi kutoka kwenye mtambo wa kuchapa kule Mwanza zikiwa nyeusi kama zimening'inizwa jikoni juu ya moshi, na ule weusi una wekundu wa tofali la kuchoma. Gauni jeupe limekuwa chai ya maziwa. Daftari hili hadi jana lilikuwa la vipimo vya monita tu. Kuanzia leo naandika kila kitu, ili baadaye mtu asije akaniambia nilikumbuka vibaya.

Mtambo wa Mwanza nimeupigia simu. Yule fundi kanijibu bila hata kukasirika: "Dada, sisi tunachapa kile ulichotuma. Hatuongezi, hatupunguzi." Nikamwambia achape tena faili moja ya mwaka jana aliyowahi kunitolea vizuri. Kaichapa, kanipigia picha karatasi zote mbili zikiwa pamoja. Ni sawa. Kwa hiyo shida haiko Mwanza. Iko hapa Lusahunga, ndani ya fremu yangu ya duka, kwenye kile kioo ninachokitazama ninaporekebisha picha.

Nimechukua kipima rangi. Ni kidude cha ukubwa wa kipanya cha kompyuta, unakining'iniza usoni mwa monita, kinasoma rangi kwa dakika sita na kukupa namba. Mwanga nataka 120. Weupe nataka 6,500. Tofauti kati ya rangi iliyopo na rangi inayotakiwa isizidi 2. Ikipita 5, hata asiyejua kazi ataiona. Kipimo cha mwisho, tarehe 2 Februari: 120, 6,500, tofauti 1.1. Kipimo cha leo: 171, 7,800, tofauti 8.4.

Maana yake ni rahisi. Monita iling'aa kupita kiasi na kuwa ya kibuluu. Mimi nikaona watu wamekuwa weupe na baridi, nikawapunguza mwanga na kuwaongezea joto. Niliwatia weusi kwa mkono wangu mwenyewe nikidhani nawarudisha.

Nimemwuliza Frednand kama amegusa monita. Frednand ndiye mwenzangu hapa studio, mwaka wa kumi na moja sasa. Yeye anashika wateja, mimi nashika picha. Kasema, "Niguse ili iweje, dada Rozi? Mimi na kile kioo tunaheshimiana." Nimemwamini. Hajawahi kuchukua hata bahasha ya hapa bila kusema.

Nimeirudisha monita: 120, 6,500, 1.0.

Alhamisi, 5 Machi

Mama Melania amekuja mwenyewe kutoka Kasulo, na mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na kitu, jicho moja haoni. Nikatoa shikamoo mbili, nikaitikiwa moja, ya bibi.

Bibi akashika picha ya familia, akaisogeza karibu na lile jicho zima. Akaitazama muda mrefu.

"Huyu mama mweusi aliyevaa kitenge changu ni nani?"

"Ni wewe, mama," Mama Melania akamwambia.

"Mimi?" Akaigeuza nyuma kama vile jina limeandikwa huko. "Basi siku hiyo nilikuwa nimeshakufa."

Frednand alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye.

Mama Melania hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Kasema: "Rozina, parokia yetu inatimiza miaka hamsini tarehe 31 Mei. Familia mia tatu na kumi na mbili, kila moja picha yake ndani ya kitabu. Kamati walitaka studio ya mbali, mimi nikasema hapana, tuna binti wa Maduhu pale Lusahunga, huyo hakosei. Sasa mama yangu hajitambui. Niwaambie nini?"

Nikamwambia zitarudiwa zote, kabla ya Pasaka. Kasema sawa, kabla ya Pasaka, na kitabu kitaamuliwa na hizo.

Baada ya kuondoka nimepima. 168, 7,700, tofauti 7.9.

Siku tatu! Nilipima Jumatatu. 

Ijumaa, 6 Machi

Nimerudisha. 120. Mvua kutwa. Malori yamejaa barabarani hadi kwa fundi cherehani, yanasubiri daraja la mbele lipitike.

Jumatatu, 9 Machi

Nadhani ni umeme. Tangu masika ianze umeme wa hapa unapanda na kushuka. Nimeazima mita ya volti kwa fundi umeme, napima kila baada ya saa mbili: 188, 231, 204, 241. Kila mara nimepima na monita. 120, 120, 121, 120.

Si umeme. Ningependa sana ingekuwa umeme.

Jumanne, 10 Machi

Nimempata mwenye makosa, au nilidhani.

Fremu ya pili ni ya Bi Mwanne, anauza kanga na vitenge. Mumewe marehemu alikuja kutoka Tanga zamani na mzigo wa nguo, akafia hapa. Wanawe Taufiki na Raya ndio wanaomsaidia. Masika ilipoanza Taufiki alinunua turubai la lori lililochakaa kwa madereva, la rangi ya chungwa, akalitandaza baraza nzima hadi mbele ya dirisha langu ili mvua isipige marobota. Leo nimeshika karatasi nyeupe mkononi nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Karatasi ilikuwa ya chungwa. Ukikaa ndani ya mwanga wa chungwa siku nzima, jicho linazoea, halafu kila kitu kwenye monita kinaonekana cha kibuluu.

Nikaenda. "Bi Mwanne, turubai lako linanitia machungwa ndani ya studio."

"Machungwa?" Alikuwa amefunga, midomo imemkauka. "Kula basi, mama, mwenye ruhusa ya kula mchana ni wewe."

Watu barazani wakacheka. Taufiki akasema, "Dada Rozina, mvua ya huku haichagui rangi. Tukilitoa, nani atatulipia mzigo wa Idi?"

Sikubishana. Nimempigia mwenye fremu, nikamsomea mkataba kifungu cha nne kinachosema baraza ni ya wote. Saa kumi turubai limeshuka.

Alhamisi, 12 Machi

Jana nilikuwa Biharamulo kupiga picha za mahafali. Mvua ilinyesha huko na huku. Kwa Bi Mwanne marobota mawili yameloa, ya Idi. Raya alikuwa anaanika vitenge kwenye kamba leo asubuhi, rangi zimechujana. Hakunisalimu. Huwa ananisalimu.

Nimepima. 165, 7,600, tofauti 7.5. Turubai halipo, na bado.

Nikae nijiambie ukweli hapa, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Turubai liliharibu jicho langu, si monita. Kipima rangi hakina jicho la kuzoea, kinasoma kioo chenyewe. Hilo nilipaswa kulifikiri kabla ya kupiga simu. Marobota mawili.

Jumatatu, 16 Machi

Nimepaka ukuta wa nyuma yangu rangi ya kijivu. Nimeziba dirisha nusu. Navaa shati la kijivu nikiwa kazini. Frednand kanitazama: "Dada Rozi, umekuwa mlinzi?" Nimeshindwa kujizuia kucheka.

120, 6,500, 1.0.

Alhamisi, 19 Machi

170, 7,800, 8.2.

Jumanne, 24 Machi

Idi imepita. Bi Mwanne hakuleta sahani kama miaka yote. Sikutarajia alete. Nilitazama mlango hata hivyo.

Jumanne, 31 Machi

Alhamisi iliyopita nilikuta 169, nikairudisha. Leo asubuhi nimewasha monita, nikasubiri dakika thelathini ipate moto, nikapima: 120, 6,500, 0.9. Ndipo nikakaa. Picha ishirini na nne za kwanza za Joyceline nimezimaliza saa kumi jioni. Bibi nimemwachia rangi yake ile ile, kahawa iliyokaangwa ikakaangika, na mikunjo yote ya shingo. Gauni jeupe. Nimefurahi hadi nimeimba, Frednand akauliza kama nimeolewa.

Kesho nakwenda kazini Kasulo. Zilizobaki nitafanya Alhamisi.

Alhamisi, 2 Aprili (Alhamisi Kuu)

Naandika haraka. Umeme umekatika tangu saa kumi na mbili hadi tatu kasorobo. Basi la Mwanza linapita saa tano na flashi yenye faili lazima iwe mkononi mwa kondakta, la sivyo picha hazifiki kabla ya Pasaka. Kupasha moto monita nusu saa, kupima, kusahihisha: nusu saa nyingine. Picha ishirini na nne kwa dakika sabini na tano zilizobaki. Nikafanya hesabu, nikaruka kipimo. Nilipima Jumanne, nikajiambia. Siku mbili tu, nikajiambia.

Kondakta kachukua flashi. 

Nimepima baada ya basi kuondoka. Namba sitaziandika leo.

Jumamosi, 4 Aprili

172, 7,900, 8.6. Hizo ndizo za juzi.

Picha zimefika leo asubuhi, nikazipeleka Kasulo mwenyewe bila kuzificha. Mama Melania kazipanga mezani kwa mpangilio wa harusi. Ishirini na nne za kwanza alikuwa anatabasamu. Alipofika kwenye viapo akasimama.

"Mwanangu ameingia kanisani na rangi yake," akasema, "ametoka na nyingine. Padre alimpaka nini?"

Bibi alikuwa kwenye picha ya saba, upande mzuri. Aliishika, akaigusa ile shingo. "Huyu ni mimi," akasema. Halafu akaiona ya arobaini na moja, akairudisha mezani kifudifudi.

Nikaanza: "Mama Melania, umeme wetu wa Lusahunga..."

"Usiniambie umeme. Umeme hauna mikono." Akakusanya zile nyeusi, akanirudishia. "Kamati inakaa Jumamosi ya tarehe 9 Mei, saa tano, hapa kwangu. Njoo na picha sita zilizo sawa. Na uje na jibu: ni nani. Kama ni wewe, sema ni wewe. Mtu akijua ni nani aliyeharibu, anaweza kuamini halitarudiwa. Asipojua, sisi tunawapigisha picha watu mia tatu kwa bahati nasibu?"

Ana haki. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ana haki kwa kila neno.

Jumatatu, 6 Aprili

Pasaka nimelala.

Alhamisi, 9 Aprili

Jana nilikuwa Nyantakara kwa baba. 166. Napima mara mbili kwa siku sasa.

Alhamisi, 16 Aprili

Jana sikwenda popote. Nilitakiwa Ngara mjini ila lori lilikwama likaziba njia, nikashinda hapa kwenye kiti changu.

Leo: 120, 6,500, 1.0.

Nimekitazama kile kipimo kama barua ya mtu niliyemsahau.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimerudi nyuma kurasa zote na kalamu nyekundu. Jumatano ni siku ya gulio hapa Lusahunga. Ndiyo siku watu wa vijijini wanashuka, ndiyo siku mimi huwa natoka kwenda kupiga picha za nje. Tangu Machi, Jumatano nilizotoka ni sita. Alhamisi zilizofuata monita ilikuwa imehama: sita. Jumatano niliyobaki ni moja. Monita ilibaki.

Sita kwa sita. Nimefuta, nimehesabu tena. Jina silitaji. Ninajua hesabu inavyokuwa ukiwa na hasira; nilishahesabu turubai.

Alhamisi, 23 Aprili

167, 7,700, 7.8. Saba kwa saba.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimekwenda kwa Bi Mwanne. Nilipaswa kwenda Machi. Nilibeba kitenge kimoja nilichokinunua kwake mwaka jana, sijui kwa nini nilikibeba. Labda mikono mitupu ilinishinda.

"Shikamoo, Bi Mwanne."

"Marahaba." Hakuinua macho kwenye mita yake ya kupimia kitambaa.

"Nimekuja kwa ajili ya turubai. Nilikosea. Halikuwa lenyewe."

"Ninajua halikuwa lenyewe."

"Unajua?"

Akaweka mita chini. "Rozina, mimi nakaa mlangoni hapa toka asubuhi. Wateja wako wakitoka wanapita mbele yangu. Siku za gulio wanatoka wanacheka, 'nimetoka mweupe, nimetoka mweupe.' Siku ukiwepo wewe wanatoka kimya. Nilidhani ndiyo biashara yenu. Wewe unakwenda mashambani, Frednand anawang'arisha."

"Anawang'arisha vipi?"

Akamwita Raya. Raya alikuja anajifuta mikono, akamtazama kwanza mama yake, kisha mimi.

"Nilipiga picha ndogo kabla ya Idi," akasema. "Kaka Frednand alikigeuza kioo kikatuelekea sisi wateja. Nikasema mbona mweusi hivi? Akasema subiri nikutoe. Akabonya vile vidude vya chini ya kioo, mara mbili tatu. Nikawa mweupe kama mtu wa Arusha kwenye kalenda! Nikasema haya, chapa. Nyumbani nikaitoa kwenye bahasha: ni mimi yule yule." Akacheka, halafu akaacha. "Dada Rozina, hukujua?"

Sikujua. Mama huyu aliloweshewa marobota mawili kwa sababu yangu, na jibu lilikuwa mlangoni pake siku zote. Sikuwa nimemwuliza. Nilimsomea mkataba.

Nimemwambia turubai lirudi leo hii, mimi nitajenga kibaraza changu dirishani. Akasema, "Taufiki amelikata akafunikia kuku." Kisha, nikiwa naondoka: "Kunywa chai kwanza." Nikakaa.

Jumamosi, 25 Aprili

Sijasema kitu kwa Frednand. Nimemtazama kutwa. Alimvalisha mzee mmoja koti la studio, akamfunga vifungo, akamwinua kidevu kwa vidole viwili kama anayeshika yai. Mzee alikuja amenuna akaondoka amenyooka. Hiyo kazi mimi siiwezi. Sijawahi kuiweza.

Jumatano, 29 Aprili

Saa moja na nusu asubuhi, kabla sijatoka: 120, 6,500, 1.0. Nimeandika mbele yake. Saa kumi na moja jioni, nimerudi: 166, 7,700, 7.6. Wateja wa leo kwa vitabu vya risiti, thelathini na mmoja.

Anakirudisha akimaliza, nimeshaelewa. Akiwaonyesha anakipeleka juu kabisa, jioni anakishusha kwa jicho hadi anaona "kama kilivyokuwa." Na jicho la jioni si jicho la asubuhi. Ndiyo maana kila Alhamisi namba zinakaribiana lakini hazilingani.

Nikamwuliza, nimesimama, nimevaa koti la mvua bado.

"Frednand, leo umegusa monita?"

Alikuwa anapanga bahasha. "Dada Rozi, leo watu wamekuja, mpaka maji sijanywa."

"Nimeuliza monita."

"Kile kioo kimechoka. Tangu lini tumekinunua? Miaka saba?"

"Sita. Umegusa au hukugusa?"

"Wewe unaniuliza kama askari wa mizani ya malori," akasema, na akatabasamu lile tabasamu analowapa wateja. Ndilo lililoniuma. Mimi nikawa mteja.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua zinapungua. Barabara inatoa vumbi kidogo saa za mchana.

Kuna jambo nimelikwepa kurasa zote hizi na halitaki kukaa nje ya daftari. Nilianza kazi hii na kamera ya kuazima kwenye gulio la Nyantakara, baba akisema nauza vivuli vya watu. Frednand alinikuta Lusahunga nikiwa na mwavuli, kamera moja, na printa inayokula karatasi. Siku ya kwanza kabisa nilimfundisha jambo moja. Nakumbuka hata maneno: "Mteja mtoe mweupe, atarudi." Nilimwonyesha na kipimo chake kwenye programu, asogeze hadi wapi. Tulifanya hivyo miaka mitano. Watu walirudi.

Nilipopata kipima rangi, nilibadilika. Niliona namba, nikaona aibu. Nikatoa amri: kuanzia leo hakuna kung'arisha. Sikumwambia kwa nini. Wala sikumwonyesha zile namba zinasema nini. Kwake ni maandishi yangu tu kwenye daftari hili la kijani. Na wateja je, nani aliwaambia? Wanakuja wanasimama nyuma ya kiti, wanaona sura zao halisi, wananuna, na anayenuniwa si mimi. Mimi niko Biharamulo na kamera.

Kwa hiyo faili hakuzigusa, maana nilikataza faili. Amegusa kioo. Kioo hakunikataza, ninamwona akijiambia.

Haya yote hayampi ruhusa ya kuniangalia usoni na kusema hakugusa.

Alhamisi, 7 Mei

Picha sita zimerudi kutoka Mwanza. Nilizirekebisha Jumatatu na kipimo kipya, 0.9. Ziko sawa zote, nimezitazama mlangoni kwenye mwanga wa mchana, nimempelekea Bi Mwanne, naye kazishika kwa mkono ulionyooshwa, akasema, "Hawa sasa ni watu." Ya bibi iko juu.

Jana sikutoka. Vifungo vya monita nimevifunga leo. Unabonya cha menyu sekunde kumi, inatokea alama ya kufuli. Miaka sita ninayo monita hii, na kufuli ilikuwemo.

Na ile monita ya zamani iliyoko stoo nimeitoa, nimeifuta vumbi, nimeiweka kwenye kaunta ikiwatazama wateja. Hiyo waing'arishe wapendavyo. Hakuna picha itakayorekebishwa hapo. Frednand aliniona nikiiweka. Hakuuliza ni ya nini.

Ijumaa, 8 Mei

Frednand, ukurasa huu ni wako. Leo nakwenda nyumbani mapema na daftari naliacha wazi juu ya kibodi. Najua utalisoma, kesho ukifungua utalisogeza ili uwashe kompyuta. Anza 2 Machi ukitaka. Sijaficha langu hata moja, la turubai limo, na la siku za mwavuli, la kuwatoa watu weupe, limo.

Kwa nini, sikuulizi. Kwa nini ninaijua, na nusu yake ni yangu. Hesabu pia sikuulizi, Jumatano nane kwa nane unaziona mwenyewe zimepigiwa mstari mwekundu. Ninaweza kwenda Kasulo na hesabu peke yake, nikamwekea Mama Melania mezani, na kamati wakaniamini. Sitaki. Kauliza ni nani. Hesabu inaonyesha siku. Mtu anajisema mwenyewe. Na kama wewe husemi, basi ninachokwenda kumwambia yule mama ni kwamba nafanya kazi na mtu nisiyemjua, mwaka wa kumi na moja, na bado nataka anikabidhi familia mia tatu na kumi na mbili.

Sitaki kusikia wateja walikuwa wengi. Sitaki kusikia kioo kimechoka. Kioo kiko kwenye 120 tangu nikifunge.

Gari la Kasulo linaondoka kesho saa tatu na nusu. Nimeshika viti viwili, cha dirishani na cha pili yake. Ukikaa kwenye hicho cha pili, tutasema pamoja, wewe lako na mimi langu, na bibi atacheka au hatacheka. Kikienda kitupu, nitamweleza Mama Melania, naye atauliza kilikuwa cha nani, na nitamjibu.

Nitafika hapa saa tatu kamili. Kalamu iko katikati ya daftari. Jibu kwa neno moja chini ya mstari huu, au nitazame unijibu kwa mdomo, kabla ya saa tatu na robo:

Uligusa, au hukugusa?